Tengeneza mwenyewe: kinachookoa pesa nyumbani na kisichookoa

Kabla ya kununua kiungo chochote, chukua karatasi uandike vitu vinavyoisha nyumbani kwako kila wiki, kisha vile vinavyoisha kila mwezi. Anza na vinavyoisha haraka. Kitu unachokitumia mara mbili kwa mwaka hakitakuokolea pesa hata ukikitengeneza kwa ustadi, kwa sababu viungo vitakavyobaki vitazeeka kabatini na hiyo ni pesa iliyotupwa. Katika nyumba nyingi orodha hiyo huishia kwenye mambo yaleyale: sabuni, mkate, mtindi, maharage na dawa za kusafishia. Bahati nzuri, hayo ndiyo yenye faida kubwa zaidi kuyatengeneza.

Hesabu yake ni hii: jumlisha gharama ya viungo vilivyotumika (si mfuko mzima), ongeza moto au umeme, ongeza sehemu inayoharibika au kutupwa, halafu gawanya kwa idadi ya matumizi. Usigawanye kwa lita. Sabuni ya maji iliyo nyepesi sana inaweza kuonekana rahisi kwa lita, kumbe kila ufuaji unamimina mara tatu ya kile ulichokuwa ukimimina zamani. Moto nao watu huusahau. Oveni ya umeme hutumia takriban uniti 1 hadi 1.5 kuoka mkate mmoja, na ukiweka mikate miwili kwa pamoja matumizi hayaongezeki sana. Kwa hiyo anayeoka mkate mmoja kila siku anaweza asiokoe chochote, ilhali anayeoka mikate miwili au mitatu kwa mpigo na kugandisha mingine anaokoa.

Faida kubwa iko pale unapolipia maji, chupa na muda. Dawa nyingi za kusafishia ni maji kwa sehemu kubwa. Maharage ya kopo yameshakunywa maji na kupikwa, na bei yake inabeba vyote viwili pamoja na kopo. Mtindi ni maziwa yaliyosubiriwa. Kinyume chake, siagi ya maziwa mara chache huwa na faida: lita 1 ya krimu yenye mafuta asilimia 35 hutoa takriban gramu 400 tu za siagi, na krimu hiyo mara nyingi huuzwa ghali kuliko siagi yenyewe. Tambi kavu nazo zinatengenezwa viwandani kwa gharama ndogo kiasi kwamba huwezi kushindana nazo. Nunua tu.

Vifaa viwili vinatakiwa kabla ya vyote: mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 1, na kipimajoto kinachofika nyuzi 110 za Selsiasi. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 au 150 kutegemea ulivyoushindilia, na tofauti hiyo inatosha kugeuza mkate kuwa tofali. Kwa sabuni, kupima kwa kikombe ni hatari kabisa.

Maharage makavu

Tunaanza hapa kwa sababu hakuna kinachohitaji vifaa vichache kuliko hiki. Gramu 500 za maharage makavu hutoa kati ya kilo 1.1 na 1.3 yakishaiva. Chambua mawe, osha, loweka kwenye lita 1.5 za maji yenye kijiko 1 cha mezani cha chumvi kwa saa 8 hadi 12. Chumvi haiyafanyi yawe magumu kama inavyosemwa. Kinyume chake, hulainisha ganda na kupunguza kupasuka. Mwaga maji hayo, weka mapya yapite maharage kwa sentimita 3 hivi, chemsha.

Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoitwa lektini, na haitoki kwa moto mdogo. Lazima yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, kwa dakika 10 kamili au zaidi, ndipo upunguze moto. Anayeyatia moja kwa moja kwenye chungu cha umeme cha kupikia polepole anaweza kupata maharage yaliyolainika lakini bado yana sumu, na matokeo yake ni kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Baada ya mchemko huo, pika taratibu kwa dakika 45 hadi 90.

Yasipolainika, sababu ni moja kati ya tatu: maharage ni ya zamani sana, maji yana chokaa nyingi, au umetia nyanya, siki au ndimu mapema. Vitu vyenye asidi vitiwe maharage yakishaiva. Kwa maji ya chokaa au maharage makongwe, robo ya kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda (ile ya kuumulia keki) kwa gramu 500 husaidia. Ukizidisha, ladha inakuwa ya sabuni.

Ukitaka kupunguza moto zaidi, chemsha kwa nguvu dakika 15, funika, kisha ifunge sufuria pande zote kwa blanketi nene au iweke ndani ya kapu lililojazwa vitambaa. Acha saa 3 hadi 4. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, maana chakula kidogo hupoa upesi na kikikaa chini ya nyuzi 60 kwa muda mrefu bakteria hustawi. Kichemshe tena kabla ya kula. Yanayobaki yaingie kwenye friji ndani ya saa 2 na yaliwe ndani ya siku 3 au 4, au yagandishwe pamoja na mchuzi wake kwenye vyombo vya mlo mmoja, ukiacha nafasi ya sentimita 2 juu kwa ajili ya barafu kutanuka.

Mtindi

Lita 1 ya maziwa, vijiko 2 vya mezani vya mtindi wowote usiotiwa sukari na wenye bakteria hai. Basi.

Pasha maziwa hadi nyuzi 85 na uyashikilie hapo kwa dakika 10 hadi 15, ukikoroga ili yasishike chini. Hatua hii si ya kuua vijidudu tu. Joto hilo hufungua protini za maziwa ili baadaye zishikamane vizuri, na ndiyo maana anayeyapasha vuguvugu tu hupata mtindi unaotiririka. Yaache yapoe hadi nyuzi 43 hadi 45. Chota kikombe kimoja, koroga chachu yako (vile vijiko 2 vya mtindi) humo hadi mabonge yaishe, kisha rudisha kwenye sufuria. Mimina kwenye chupa safi, funika, na uziweke mahali patakapobaki na joto hilo kwa saa 6 hadi 8: ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana, ndani ya oveni iliyozimwa yenye taa tu, au ndani ya lile kapu la maharage pamoja na chupa ya maji moto. Usitikise.

Umeshika? Inamisha chupa kidogo. Mtindi ulioiva unajitenga na ukuta wa chupa kwa mkato safi na kiasi kidogo cha maji ya njano kinaonekana pembeni. Upeleke kwenye friji kwa saa 4 kabla ya kuula, hapo unazidi kukaza.

Usiposhika, kwanza kumbuka joto ulilotia chachu. Juu ya nyuzi 50 bakteria huanza kufa. Chini ya nyuzi 37 kazi huenda polepole mno. Ukiwa na ukali uliopita kiasi, umekaa muda mrefu. Ukiwa na utelezi wa nyuzinyuzi, kwa kawaida joto lilikuwa chini na bakteria wengine wamechukua nafasi. Kila mara tenga vijiko 2 vya chachu kabla watu hawajaanza kula, vitumike ndani ya siku 7, na baada ya mizunguko michache nunua chachu mpya, kwa kuwa uwiano wa bakteria hubadilika. Ukiona ukungu au rangi ya waridi, tupa chote, usikwangue juu.

Mtindi mzito wa kuchuja unauzwa ghali, na tofauti yake ni kitambaa tu. Mimina lita 1 kwenye kitambaa safi juu ya chujio kwa saa 3 hadi 6 ndani ya friji. Utabaki na karibu nusu. Maji yanayotoka yanafaa kukandia mkate badala ya maji ya kawaida.

Mkate

Waokaji hupima kila kitu kwa asilimia ya unga, na ukishaizoea njia hii huhitaji kitabu tena. Mkate wa kawaida: unga gramu 500, maji 325 (asilimia 65), chumvi 10 (asilimia 2), hamira kavu ya papo hapo 5 (asilimia 1). Unga uwe wa ngano wenye protini asilimia 11 au zaidi, tazama maelezo nyuma ya mfuko.

Changanya hadi unga mkavu uishe, funika, acha dakika 20. Kupumzika huku kunafanya nusu ya kazi ya kukanda. Kisha kanda dakika 8 hadi 10. Kata kipande kidogo, kivute taratibu kwa vidole: kikitanuka hadi mwanga upenye bila kuchanika, donge liko tayari. Kikichanika upesi, endelea. Acha liumuke hadi lifikie ukubwa mara mbili, saa 1 hadi 1.5. Kama jikoni kuna joto zaidi ya nyuzi 30, tumia maji ya baridi na hamira gramu 3, maana donge linaloumuka kwa haraka halipati ladha na huporomoka mapema. Litoe hewa, liumbe, litie kwenye kopo lililopakwa mafuta, acha tena dakika 40 hadi 60. Bonyeza kwa kidole: alama ikirudi polepole na kubaki nusu, choma. Ikirudi yote kwa haraka, bado. Isiporudi kabisa, umechelewa, ingiza motoni sasa hivi.

Oka kwa nyuzi 220 dakika 30 hadi 35. Ndani ufikie nyuzi 93 hadi 96. Uache upoe saa nzima kabla ya kukata, kwa sababu wanga bado unajipanga ndani na kisu kitaufanya uwe wa kunata.

Mkate mzito wenye mstari mbichi chini una sababu mbili za kawaida: haukuumuka vya kutosha au umetolewa mapema. Uliozama katikati umeumuka kupita kiasi. Unaobomoka umewekewa unga mwingi wakati wa kukanda, kosa la karibu kila anayeanza. Donge linapaswa kunata kidogo mikononi, na dawa yake ni kulowesha mikono, si kunyunyiza unga.

Asiye na muda wa kukanda afanye hivi usiku: unga 500, maji 375, chumvi 10, hamira gramu 1 tu. Koroga kwa mwiko, funika, lala. Baada ya saa 12 hadi 16 likunje mara nne, liache saa 1, kisha lioke ndani ya sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 230: dakika 30 ikiwa imefunikwa, 15 ikiwa wazi. Mvuke unaobaki ndani ndio unaoleta ganda zuri.

Mkate usiuweke kwenye friji, huchakaa upesi zaidi humo kuliko mezani. Ukate vipande, ugandishe, utoe unachohitaji.

Sabuni ya kipande

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa familia yenye watu wengi, na hapa pia ndipo penye hatari halisi. Sabuni ni mafuta yaliyokutana na kostiki soda. Kila aina ya mafuta inahitaji kiasi chake, na hicho hakikisiwi. Kwa gramu 1 ya mafuta, kostiki soda inayohitajika ni takriban gramu 0.183 kwa mafuta ya nazi, 0.141 kwa mawese, na 0.134 kwa alizeti au zeituni. Ukibadilisha mafuta bila kupiga hesabu upya utapata ama sabuni inayochoma ngozi au uji wa mafuta.

Mfano wa kuogea, kwa gramu 1000 za mafuta: mawese 400, nazi 300, zeituni 300. Hesabu: 400 × 0.141 = 56.4, 300 × 0.183 = 54.9, 300 × 0.134 = 40.2. Jumla 151.5. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka, yalinde ngozi na yakukinge na kosa dogo la mizani: unapata gramu 144 za kostiki soda. Maji gramu 300. Nazi huleta povu na ugumu lakini ikizidi asilimia 30 hukausha ngozi. Mawese huleta ugumu. Zeituni huleta ulaini. Alizeti ni rahisi kupatikana lakini usizidishe asilimia 15, huifanya sabuni iwe teketeke na ichache upesi.

Kostiki soda iwe safi, asilimia 97 au zaidi. Ile ya kuzibulia mabomba inayochanganywa na vipande vya alumini haifai. Ihifadhi kwenye chombo kinachofungwa vizuri, kwa kuwa hunyonya unyevu na hewa ya kaboni na kupoteza nguvu, na hapo hesabu yako yote inakuwa ya uongo.

Vaa glavu, miwani ya kinga na mikono mirefu. Fungua madirisha. Watoto na wanyama wasiwe karibu. Vyombo viwe vya chuma cha pua au plastiki ngumu inayostahimili joto. Alumini isiguse mchanganyiko huu kamwe: kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Glasi nayo inaweza kupasuka kwa joto la ghafla.

Pima maji ya baridi, halafu nyunyiza kostiki ndani ya maji kidogokidogo ukikoroga. Usifanye kinyume chake, usimimine maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kuruka usoni. Mchanganyiko utapanda hadi nyuzi 80 au zaidi na kutoa mvuke mkali kwa dakika chache, geuza uso. Uache upoe. Wakati huo yeyusha mafuta. Vyote viwili vikifika karibu nyuzi 40, mimina maji ya kostiki kwenye mafuta kupitia chujio la plastiki na uanze kukoroga. Kwa blenda ya mkono ya chuma cha pua, piga sekunde chache, zima na ukoroge, piga tena. Ndani ya dakika 5 hadi 10 mchanganyiko unakuwa mzito, na tone linaloanguka juu linaacha alama inayokaa kidogo kabla ya kuzama. Kwa mwiko inaweza kuchukua saa nzima. Alama hiyo ndiyo unayoingoja. Kabla ya hapo mafuta na kostiki havijashikana na vitatengana ndani ya kalibu.

Mimina kwenye kalibu ya mbao iliyotandikwa karatasi ya kuokea au ya silikoni, funika, ifunge taulo. Baada ya saa 24 hadi 48 itoe kwa glavu, uikate, uvipange vipande vikiwa na nafasi kati yake mahali penye hewa. Subiri wiki 4 hadi 6. Kostiki humalizika kufanya kazi mapema, lakini maji yanaendelea kutoka, na sabuni iliyokomaa huisha polepole zaidi bafuni. Huo ndio ukweli wa akiba: sabuni mbichi huyeyuka upesi na hasara inakuwa yako. Kundi hili hutoa vipande 12 hadi 13 vya gramu 100 vikishakauka.

Vumbi jeupe juu ni kostiki iliyokutana na hewa kabla ya kushikana, halina madhara, lioshe. Vidoa vya rangi ya chungwa baada ya miezi ni mafuta yaliyochacha. Ufa juu ya kipande humaanisha imepata joto kupita kiasi, safari nyingine usiifunike sana. Mafuta yaliyoelea juu ni ishara ya kutokukoroga vya kutosha. Lakini punje nyeupe ngumu ndani, au sabuni inayobomoka na kutoa majimaji, ni dalili ya kostiki iliyobaki. Usiitumie mwilini. Kwa karatasi ya pH (ya kupimia ukali wa asidi au alkali), sabuni nzuri husoma kati ya 9 na 10.5. Ikisoma 11 au zaidi, iache wiki 2 upime tena.

Tone likigusa ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Usipake siki juu ya ngozi iliyoungua. Likigusa jicho, osha hivyohivyo bila kukatiza, kisha nenda hospitali.

Kwa sabuni ya kufulia tumia mafuta ya nazi peke yake: gramu 1000 za mafuta, kostiki gramu 181, maji 330. Hapa tumepunguza asilimia 1 tu, maana mafuta yanayobaki hayana kazi kwenye nguo. Inagandamana haraka, ikate baada ya saa 4 hadi 8, ukisubiri kesho itavunjika kisuni. Hutoa povu hata kwenye maji yenye chumvi. Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa yanafaa pia ikiwa unajua ni ya aina gani: yachuje, yachemshe na maji ya chumvi, yaache yapoe utenge mafuta yaliyo juu, kisha tumia hesabu ya aina hiyo.

Sabuni ya maji na soda ashi

Kwanza jaribu maji yako. Jaza chupa nusu, tia vipande vidogo vya sabuni yako, tikisa kwa nguvu. Povu likisimama na maji chini yakabaki angavu, maji ni laini. Yakiwa na ukungu na madonge meupe, yana chokaa, na sabuni yoyote ya asili itaacha utando kwenye nguo isipotiwa soda ashi (sodiamu kaboneti).

Soda ashi si lazima ununue. Tandaza bikaboneti ya soda nyembamba kwenye trei, iweke kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa 1. Hutoa mvuke na hewa ya kaboni, na gramu 100 hubaki kama 63. Iweke pamoja na mikate ya siku hiyo, kwenye trei ya chini, ili usiwashe moto mara mbili. Ukiigusa ni kali zaidi kuliko ile ya mwanzo, hivyo vaa glavu.

Kwaruza gramu 100 za sabuni ya nazi, ziyeyushe kwenye lita 1 ya maji moto yasiyochemka. Tia soda ashi gramu 100, koroga, ongeza lita 4 za maji. Ikipoa itakuwa nzito na pengine itajitenga. Tikisa kabla ya kutumia. Mililita 100 kwa beseni moja la nguo zinatosha. Sufu na hariri zisiguswe na hii, alkali huharibu nyuzi zake. Ukifua kwa mashine, tumia maji moto na ongeza suuza moja.

Usafi wa nyumba

Siki ya asilimia 5 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inatosha kwa vioo, mabomba yenye chokaa na birika. Isitumike kwenye marumaru, huila. Bikaboneti ya soda inasugua masinki na kuondoa harufu. Vyote viwili ni vizuri kila kimoja kivyake. Ukivichanganya unapata mapovu ya kufurahisha macho, na kinachobaki ni maji yenye chumvi dhaifu isiyosafisha chochote.

Hata sabuni ya asili na siki hazikai pamoja: siki huirudisha sabuni kuwa mafuta, na ndiyo maana chupa iliyochanganywa hivyo inatoa mabonge meupe.

Kuua vijidudu ni kazi ya klorini. Ikiwa ya dukani ni asilimia 5, sehemu 1 kwa sehemu 49 za maji hutoa asilimia 0.1, inayofaa kwa meza na vitasa vilivyokwisha kusafishwa kwa sabuni. Kwa sehemu iliyomwagikiwa damu, sehemu 1 kwa sehemu 9. Iache ikae bila kukauka kwa dakika 10 ndipo upanguse. Changanya ya siku hiyo tu, kwa maji ya baridi, kwa sababu hupoteza nguvu haraka. Usiichanganye na siki wala na dawa yoyote yenye amonia. Gesi inayotoka huumiza mapafu, na ajali hizi hutokea bafuni kwa watu wanaotaka tu choo king'ae zaidi.

Visivyofaa kutengenezwa

Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yasibuniwe jikoni kwa hali yoyote, kwa kuwa upungufu mdogo wa chumvi au madini hauonekani hadi umemdhuru. Krimu ya kukinga jua nayo tuiache kwa maabara, kwani huwezi kujua kama chembe zimesambaa sawasawa. Dawa ya meno ya bikaboneti husafisha, lakini haina floridi, na jino moja lililotoboka litakula akiba ya miaka.

Kabichi ya kuchachusha haina shida: kilo 1 iliyokatwa nyembamba, chumvi gramu 20, ikandwe hadi itoe maji yake, ishindiliwe ikae chini ya maji hayo kwa wiki 1 hadi 4. Asidi inayojitengeneza huilinda. Lakini mboga zisizo na asidi, nyama na maharage yaliyofungwa kwenye chupa zisizoingia hewa ni jambo lingine. Bakteria wa botulismi huacha mbegu ambazo maji yanayochemka kwa nyuzi 100 hayaziui. Zinahitaji nyuzi 121 ndani ya sufuria maalumu ya shinikizo, kwa muda uliopimwa kwa kila chakula. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta kina hatari hiyohiyo, na sumu yake haina harufu wala rangi: tengeneza kidogo, kiweke kwenye friji, na kitumike ndani ya siku 4.